Shamba la Leonia Ndani ya Nyota ya Noeli

Wanangu, nyinyi mnaokaa mbele ya mashine zenye kioo na kupakua modeli, hiyo michoro ya kutarizi, kwenye simu, nianze na jambo ambalo fundi mwenye akili angelificha. Mimi Mama Hawa, niliyetarizi Muyinga na Gitega mpaka nywele zikawa nyeupe, niliwahi kushona karatasi ya shamba la mtu ndani ya nyota ya Noeli. Si nakala. Ni ile yenyewe, yenye majina na alama za vidole. Niliitoboa kwa sindano, nikaichana pembeni, nikaipiga pasi, halafu nikasifiwa kwamba kazi yangu ni safi. Miaka imepita na bado naikumbuka.

Watu wa mtaani wanasema niliacha kazi kwa sababu ya macho. Macho yangu mazima kabisa. Hata sasa natunga uzi kwenye sindano bila miwani, muulize anayetaka kubishana.

Aliyenifundisha ni Mzee Amissi, fundi wa kofia na kanzu za Idi pale Muyinga. Mashine yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu. Maua aliyachora mwenyewe kwa penseli, kitambaa akakibana kwenye fremu, ile duara ya mbao, akakizungusha kwa mikono miwili chini ya sindano kama mtu anayeosha sahani. Nilikaa naye miezi mitatu kabla hajaniruhusu kugusa sindano. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchagua karatasi.

Nilikasirika sana. Nimekuja kujifunza kutarizi, napewa mifuko mitupu ya simenti. Nikamwambia, "Mzee, mi si mwokota takataka." Akanijibu bila kuinua kichwa, "We mtoto, kitambaa iko laini. Ukiipiga sindano mara elfu moja bila karatasi chini, inajikunja yote. Utavaa we mwenyewe hiyo kofia?"

Ndiyo hivyo, na hilo halijabadilika hata kwa mashine zenu za kompyuta. Kitambaa chembamba lazima kiwekewe kitu kigumu chini yake. Siku hizi kuna karatasi nyeupe maalumu inayotoka nje, lakini ikikosekana sokoni tunarudi kwa waashi kuomba mifuko ya simenti. Unachukua karatasi ya katikati, isiyogusa vumbi, unaifuta kwa kitambaa kikavu, unaipiga kwa ukucha. Ikilia, ni ngumu, inafaa. Unaibana pamoja na kitambaa, unashona. Ukimaliza unaigeuza kazi na kuchana karatasi yote iliyo nje ya ua. Ile iliyo chini ya nyuzi inabaki humo humo, mpaka kitambaa kifuliwe mara moja au mbili, ndipo inalainika na kwenda na maji. Shikeni hapo, kwa sababu kesi yote imesimama hapo.

Nilipohamia Gitega nikakuta mashine mpya zinazosoma modeli kwenye flashi. Nilishangaa kama kila mtu. Unabonyeza, inatarizi yenyewe, na wewe umekunja mikono. Mwaka wa kwanza nilichagua modeli za Noeli kwa uzuri wa kwenye kioo tu, na nikaaibika. Kulikuwa na zizi zuri sana, mtoto Yesu amelala, punda, kondoo, ng'ombe. Nikalishona kwenye vitambaa vya meza, nikampelekea mteja wangu wa Bukirasazi. Akavitandaza, akaniuliza, "Mama Hawa, huyu mnyama ni nini?" Nikamwambia ni ng'ombe. "Pembe zake ziko wapi?" Nikatazama. Wallahi, ng'ombe alikuwa na kichwa laini kama mbuzi mchanga. Waliochora modeli hizo huko waliko wana ng'ombe wasio na pembe, na mimi niliona kila rangi ya uzi, sikuona kwamba ng'ombe hana pembe. Mrundi huwezi kumwekea mezani ng'ombe wa namna hiyo siku ya sikukuu. Nilirudi navyo vyote, nikaviongezea pembe kwa mkono, ndefu, za kupinda juu, kama tunavyozijua.

Kwa hiyo modeli ikitoka kwenye simu, usiulize kwanza kama ni nzuri. Uliza inabadilisha rangi mara ngapi, maana kila rangi ni kusimama na kutunga uzi upya. Angalia mishono imesongamana kiasi gani, kisha ushike kitambaa ulichonacho. Modeli nzito juu ya kitambaa chepesi inakipasua. Halafu jaribu kwenye kipande. Msinidanganye kwamba hamna muda, muda wa kufumua mtaupata wapi?

Sasa Leonia. Huyu tulikaa naye ateliye moja, chumba cha mafundi, hapa Gitega miaka mingi, mashine yake pembeni ya yangu. Alikuwa Mkristo, mtulivu, mzaliwa wa Itaba, lakini alikulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Baba yake alinunua shamba kule Itaba kabla ya kukimbia. Walipofika kambini, mzee alitunza karatasi ya ununuzi ndani ya kitambaa, na akamwachia binti yake siku aliyokuwa anakufa. Ndicho kitu pekee alichoachiwa. Leonia aliporudi alijenga kijumba sehemu ya juu, na bondeni akalima maharage. Kila mavuno alinibebea kikapu, akikiweka chini ya meza yangu bila kusema neno.

Jirani yake mmoja, jina lake nalihifadhi, akaanza kusema shamba hilo halikuuzwa kamwe. Kwamba baba yake yeye jirani aliwapa wazazi wa Leonia pa kulima tu, na sasa anataka chake. Leonia akaogopa. Nyumba yake ilikuwa na mlango wa kusukuma kwa bega. Siku moja akaja na bahasha ya kaki, akasimama pembeni yangu. "Mama Hawa, droo yako ina kufuli. Naomba uniwekee hii. Ni ya shamba."

Mimi nilikuwa natazama sindano. Mashine ilikuwa katikati ya ua. Nikasema, "Weka, weka." Sikuitazama bahasha, sikumtazama yeye. Ningegeuza shingo tu siku ile, hadithi hii isingekuwepo.

Mtaniuliza mbona hakuipiga picha. Simu yake ilikuwa ya tochi na kubonyeza, haikuwa na macho. Na mtu aliyebebewa karatasi hiyo na baba yake kupita mpaka, hakufikiria kwamba siku moja itahitaji pacha.

Mwezi wa kumi na mbili ukafika na komande, yaani oda, ya Madamu Odeta. Huyu ana duka la vitu vya mikono Muyinga, vikapu, vitambaa, zawadi za sikukuu. Alitaka vitambaa kumi na viwili vya meza vyenye kitu cha Noeli katikati, haraka. Nilikuwa na modeli mbili mezani. Moja ilikuwa zizi zima, kubwa, pana kama karatasi ya daftari iliyokunjuliwa, na ng'ombe wangu nimeshamwekea pembe. Nyingine ilikuwa nyota ya ncha tano, upana wa kiganja na vidole vilivyotanuliwa, rangi moja tu. Zizi lilikuwa linakula saa nzima na rangi saba. Nikachagua nyota. Kitambaa kilikuwa chembamba, kwa hiyo nikailegeza mishono isibane sana. Hilo la kulegeza, nawaambia, ndilo jambo pekee nililofanya kwa akili mwezi ule.

Nilifika kitambaa cha kumi na mbili, karatasi ya chini imeisha. Nyeupe hakuna sokoni, waashi wamekwenda makwao kwa sikukuu. Gari la kupeleka mzigo Muyinga linasubiri barabarani, dereva anapiga honi. Nikafungua droo. Mkono ukagusa kaki. Nikaipiga kwa ukucha, ikalia vizuri kabisa. Nikafurahi, nikajisemea leo nimebahatika, ngumu namna hii. Ilikuwa ngumu kwa sababu ilikuwa bahasha, na ndani yake mna karatasi nyingine. Fundi wa miaka yote ile nilijua kupima ugumu wa karatasi kwa ukucha, na sikujiuliza imetoka wapi.

Nikabana, nikashona. Uzi wa njano uliisha ncha ya mwisho, nikamalizia na njano iliyoiva zaidi. Nikageuza, nikachana pembeni harakaharaka, mabaki nikayatupa kwenye kikapu cha kuwashia moto. Mzigo ukaondoka. Leonia akarudi kutoka kuchota maji, akaona nimechoka, akasema, "Pumzika Mama, nikutengenezee chai." Akachukua yale mabaki kutoka kikapuni, akawasha makaa.

Mungu wangu. Aliyawasha yeye mwenyewe. Tulikaa pale tunakunywa chai iliyochemshwa kwa shamba lake, akaniuliza kama sukari imetosha, nami nikamwambia imetosha.

Baada ya mwaka mpya aliingia asubuhi amevaa nguo ya kanisani. Wazee waamuzi wa mlima wao, yaani kijiji chao, tunaowaita bashingantahe, walikuwa wamemwita pamoja na jirani. "Mama, naomba ile bahasha. Kesi ni Alhamisi." Nikafungua droo. Nikaona bobini, mkasi, flashi, kalenda ya zamani. Nikamwambia, "We Leonia, hukuweka kitu humu." Ndipo vidole vyangu vikakumbuka kabla ya kichwa. Ule ugumu. Ile sauti chini ya ukucha. Nikakaa chini sakafuni, si kwenye kiti, sakafuni, na Leonia akadhani nimeugua, akaanza kunipepea.

Nilipomwambia hakulia. Aliacha kunipepea. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akatazama lile jiko la makaa, halafu akauliza swali la fundi, "Nyota ilikuwa na mshono mzito?"

"Hapana. Niliilegeza."

"Basi bado inasomeka. Nenda Muyinga kabla hakijafuliwa."

Siku ileile nikapanda gari, nikapita Karuzi nikiomba dua ambazo sijaziomba tangu nilipozaa. Dukani kwa Madamu Odeta nilikuta vitambaa viwili tu vimebaki. Nikavigeuza, njano ni moja mpaka ncha ya mwisho, si chenyewe. Nikamweleza. Madamu akashika mdomo. "Kile chenye njano mbili? Kile nimekichukua mi mwenyewe, nimekiweka pa meza yangu. Kimemwagikiwa na sosi siku ya bonane, tulipokula mwaka mpya. Nimekiacha karibu ya beseni, leo ni siku ya kufua."

Mwanamke wa umri wangu, nilikimbia. Nilishika gauni kwa mikono miwili, nikakimbia Muyinga mchana, watu wanaonifahamu tangu utoto wananitazama. Nyuma ya nyumba yake beseni lilikuwa limejaa, povu juu, mashati yamelowa. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa kwenye jiwe pembeni, kikavu, na doa lake jekundu. Nikakigeuza. Chini ya nyuzi nikaona kaki, na pale nyuzi zilipoachana nikaona kitu cheupe. Nikakaa na kile kitambaa kifuani mpaka Madamu akanifikia, anahema.

Nilitaka kukifumua palepale. Nashukuru sikufanya, na niliporudi Gitega Leonia alinieleza kwa nini. "Tukipeleka kijikaratasi chenye matundu, atasema tumekiandika nyumbani. Kitoke mbele yao." Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa siku tatu, na yule aliyekuwa anapoteza shamba ndiye aliyefikiri.

Alhamisi tukaenda Itaba. Wazee walikaa kwenye mabenchi yaliyotolewa darasani, watu wa mlima wakakaa kwenye nyasi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Barnabe, mtu mfupi mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Walizungumza Kirundi, nawapa kwa Kiswahili.

"Karatasi iko wapi?"

Leonia akatandaza kitambaa mbele yake. "Iko ndani ya nyota."

Watu walicheka. Jirani alicheka kuliko wote, mpaka akajipangusa macho. Mzee Barnabe hakucheka. "Nani ameiweka humo?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Karatasi ya kazi iliniishia."

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekula kofia yake. "Umeshona mkataba wa watu kwa sababu karatasi ilikuishia."

"Ndiyo, mzee."

"Basi fumua."

Wanangu, nimefumua kazi nyingi maishani. Unaanza upande wa nyuma, unakata uzi wa bobini, ule wa chini, kwa wembe kidogo kidogo, halafu unageuza na kuvuta wa juu. Lakini sijawahi kufumua mbele ya mlima mzima, nimepiga magoti kwenye nyasi, na anayetazama wembe wangu ni Leonia. Kaki ikatoka kwanza, umbo la nyota. Nikaifungua kama unavyofungua ganda la njugu. Ndani yake mlikuwa na nyota nyingine, nyeupe, imetobolewa kila mahali, na maandishi ya bluu.

Mzee Barnabe akaichukua kwa viganja viwili, akasogeza karibu na macho. Katikati palikuwa na majina. Akasoma la kwanza, akasema huyu amekufa. Akasoma la pili, akasema, "Huyu ni baba yangu mdogo." La tatu lilikuwa na alama ya kidole, na sindano yangu ilikuwa imepita katikati ya hicho kidole mara nne. Akalisoma kwa sauti. Lilikuwa jina la baba wa jirani, na mbele yake neno moja: nimeuza.

Hakuna aliyecheka tena. Jirani alitazama chini. Mimi nilianza kulia kwa furaha, mpumbavu mimi, nilidhani tumeshinda.

Mzee Barnabe akaigeuza nyota, akafuata ncha zake moja baada ya nyingine. Kwenye ncha ya juu kulikuwa na mstari mwingine. Akasoma, "Mpaka unaanzia kwenye." Akakwama hapo. Akaigeuza nyuma. Akairudisha. "Unaanzia kwenye nini?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Maneno yaliyofuata yalikuwa pembeni, nje ya nyota. Niliyachana mimi, akayachoma Leonia. Kama ningechagua zizi, lingeyafunika yote, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilichagua nyota kwa sababu ilikuwa rangi moja.

"Sijui, mzee," nikasema.

Walijadiliana mpaka jua likapanda utosini. Waliokuwa watu wazima shamba lilipouzwa, ambao wangeujua mpaka, wamekufa au hawakurudi. Wakaamua kwamba shamba liliuzwa, hilo wameliona kwa macho yao, na sehemu ya juu yenye nyumba ni ya Leonia na watoto wake, asiguswe. Lakini bonde, hakuna karatasi inayosema liliingia, na jirani ana watu wawili wanaosema wamemwona baba yake akililima. Bonde likaenda kwa jirani.

Tulirudi kwa miguu mpaka barabarani. Nilimwomba msamaha njia nzima, mpaka akasimama. "Mama Hawa, nimekusamehe. Usiniombe tena, kwa sababu kila ukiniomba, naliona bonde."

Wiki ile nilimpa mashine yangu na kila kilichokuwa mezani. Hakuikataa, na hakunishukuru, na alikuwa sahihi kwa yote mawili. Sijatarizi tena. Niliyowaambia kuhusu pembe za ng'ombe, rangi na mishono, yashikeni, yatawasaidia. Lakini mtu akisimama pembeni ya mashine yako na kitu mkononi, zima mashine. Mgeukie. Mwangalie anakupa nini.

Juma lililopita nilikuwa soko la Gitega. Nikamwona Leonia mbele ya magunia, ananunua maharage. Anayachagua moja moja kiganjani kama mtu anayeyajua. Aliniona. Akasubiri apimiwe, akafunga mfuko wake, akanisogelea, akanishika mkono kwa heshima kama siku zote, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamjibu ni njema, nikampokea ule mfuko wa maharage, nikambebea mpaka nje ya soko, na msamaha sikumwomba.